Krapf Hakufika Isiolo, Majina Yalifika

Jina la Johann Ludwig Krapf kwetu Pwani si geni. Watu wa Rabai wanalo kanisa na makumbusho, watu wa Mombasa wanalijua kaburi la mkewe upande ule wa Nyali. Shuleni tulifundishwa kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na kwamba alitunga kamusi ya Kiswahili. Hayo yameandikwa sana. Leo nataka kuyaeleza maisha yake kwa upande ambao mimi nimeuona baada ya kuja kufanya kazi huku Isiolo, na ambao ukiwa nyumbani Mombasa si rahisi kuuona. Krapf alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwenye karatasi nani ni nani katika Afrika Mashariki, nani anakaa wapi na anaitwaje. Mengi katika hayo aliyapata kwetu, kwa wazee wetu waliokuwa wakikaa barazani na wakienda bara na misafara. Wengine wakayachukua maandishi hayo na ya wenzake, wakayatia kwenye ramani, kisha serikali ikaja ikaifanya ramani kuwa sheria.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea umishenari Basel, Uswisi, kisha akachukuliwa na jumuiya ya Kiingereza ya CMS, ambayo ilimpeleka Habashi mwaka 1837. Kaskazini ya nchi ile hakudumu, yeye na wenzake walifukuzwa. Mwaka 1839 akafika Shewa kwa mfalme Sahle Selassie, na huko ndiko moyo wake ulikotekwa na watu ambao hakuwaacha tena maisha yake yote, yaani Waoromo.

Angalia jinsi alivyowajua. Mfalme wa Shewa alikuwa na desturi ya kuwashambulia majirani zake hao, kuteka ng'ombe na kudai ushuru. Krapf alifuatana na jeshi la mfalme katika safari za namna hiyo. Kwa hiyo mara ya kwanza aliwaona Waoromo akiwa upande wa adui yao, na jina alilolisikia ni lile walilopewa na adui: Wagalla. Hata hivyo alikuwa msomi wa kweli. Alijifunza lugha yao, na mwaka 1840 akatoa kijitabu cha sarufi yake. Akagundua kwamba wenyewe hawajiiti Wagalla hata kidogo, wanajiita Oromo au Orma, na akapendekeza nchi yao iitwe Ormania. Aliamini kwamba Waoromo kwa Afrika ni kama Wajerumani kwa Ulaya, na kwamba wakiingia Ukristo wao, bara zima litafuata.

Alijua, basi. Lakini sarufi ilitoka ikiitwa sarufi ya lugha ya Kigalla, na katika vitabu vyake vilivyofuata neno hilo limejaa. Nadhani sababu ni ile ile ya siku zote: wasomaji wake wa London na Basel walikwisha kulizoea. Mtu akitaka kuuza kitabu au kuomba mchango huandika jina linalojulikana.

Mwaka 1842 alitoka Shewa, na alipotaka kurudi njia ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameoa mwaka huo huo, mkewe akiitwa Rosine Dietrich. Krapf akafikiri: kama mlango wa kaskazini umefungwa, Waoromo wanaweza kufikiwa kwa kutokea baharini, kusini yao. Mapema mwaka 1844 akafika Zanzibar, Sayyid Said akampa barua ya kumfungulia njia kwa maliwali wake, na kutoka hapo akaja Mombasa. Sisi tunamsimulia kana kwamba alitujia sisi, lakini Mombasa kwake ilikuwa njia ya kupita.

Njia hiyo ilimgharimu sana. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, homa ilimchukua Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kitandani. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alikaa, na katika mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Mmishenari na kadhi meza moja! Wazee wetu walikuwa na kifua kipana kuliko tunavyowadhania.

Mwaka 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Kwa kubatiza hawakupata watu wengi, hesabu yao ingetosha vidole vya mkono. Kazi iliyosonga mbele ilikuwa ya lugha na habari. Krapf alikuwa akiuliza kila aliyepita: Mkamba aliyeleta pembe, Mdigo, Mpokomo, mtumwa aliyetokea mbali, nahodha, mchukuzi. Mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kihiau na Kigalla. Nakuomba, msomaji, uitazame tena orodha hiyo. Kihiau ni Kiyao. Kigalla ni Kioromo. Na Kinyika?

Kwetu nyika ni pori kavu lisilo maji. Mnyika ni mtu wa porini. Hakuna Mgiriama, Mduruma, Mdigo, Mrabai, Mchonyi, Mkauma, Mjibana, Mkambe wala Mribe aliyeamka asubuhi akajiita hivyo kwa fahari. Neno lilitoka mjini, vinywani mwa Waswahili, likaingia katika daftari la Krapf, likaenda Ulaya, likarudi na utawala wa Kiingereza kama jina rasmi la watu. Wenyewe walilikataa, na katika miaka ya 1940 likashika jina la Mijikenda. Waliweza kwa sababu walikuwa na sauti, na kwa sababu vijana wao wenye elimu walikuwa Mombasa, karibu na ofisi. Si kila aliyepewa jina alipata bahati hiyo.

Nirudi kwa safari zake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aitwaye Kivoi, Krapf aliuona mlima wenye theluji. Wakikuyu waliuita Kirinyaga. Lakini waliokuwa pamoja na Krapf ni Wakamba, na Wakamba husema Kiinyaa, naye akaandika Kenia. Nchi nzima leo inaitwa kwa jinsi sikio la Mjerumani lilivyosikia kinywa cha Mkamba. Kama mwenyeji wake siku hiyo angekuwa Mmaasai, pasipoti yako ingekuwa na jina jingine. Huku Isiolo mlima huo tunauona kusini, alfajiri kabla ya mawingu kuufunika, na sijasikia anayeukasirikia kwa jina lake. Majina mengine hayamdhuru mtu.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani akiwa na shauku ya kufika mto Tana. Hapo alikuwa karibu na upande huu wa kwetu kuliko wakati mwingine wowote. Msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, wafuasi wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Aliufikia mto, na kwa kuwa hakuwa na chombo alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi. Vichaka vikazing'oa nyasi njiani na maji ya bunduki yakamwagika. Alitembea usiku na kujificha mchana mpaka akapata watu. Kaskazini ya pale hakwenda tena.

Mambo mengi ya watu wa kaskazini na magharibi, basi, aliyaandika bila kuwaona kwao. Mfano ulio wazi ni wa Wakwavi. Pale Rabai kulikuwa na kijana aliyetekwa kutoka bara, msemaji wa lugha ya Maa, na kutoka kwake Krapf alipata msamiati aliouchapisha mwaka 1854. Katika maelezo yake Wakwavi na Wamaasai ni mataifa mawili yenye lugha moja na uadui mkubwa. Kijana alieleza pia kwamba watu wake wanajiita Iloikop. Mwafrika mmoja, mbali na kwao, akieleza ulimwengu kama alivyouona udogoni! Kutokana na hayo watu wa Ulaya walichora nchi nzima ya Wakwavi, na hata zaidi ya miaka mia moja baadaye wanahistoria walikuwa bado wanabishana: Wakwavi walikuwa taifa, au lilikuwa jina ambalo watu wa Pwani waliwapa wafugaji fulani tu?

Huku Isiolo suala hilo limevaa kanzu nyingine. Wako Wasamburu, wenye lugha hiyo hiyo ya Maa, na wao wenyewe hujiita Loikop. Samburu ni jina la nje. (Mtu wa Kwale akisikia Samburu hufikiri kituo cha njia ya Nairobi, na hapo tunaanza kuchekana.) Kwa hiyo kijana wa Rabai hakudanganya. Watu wanaojiita hivyo wapo hadi leo, ila hawapo pale ramani ilipowaweka, wala hawaitwi kwa jina ambalo ramani iliwapa.

Afya ilipomshinda Krapf, mwaka 1853 akaondoka. Mwenzao Jakob Erhardt alikuwa Tanga mwaka 1854, akiwauliza wenye misafara kuhusu njia za bara. Kila mmoja, kwa njia yake, alisema mwisho wa safari kuna maji makubwa. Erhardt na Rebmann wakayaunganisha maji hayo yote wakachora ziwa moja refu sana lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ramani ikatoka Ulaya mwaka 1856 na kuwashangaza wataalamu. Sasa tunajua yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Kosa halikuwa la wasafiri wetu, kila mmoja alisema kweli kuhusu maji aliyoyaona. Kosa lilikuwa la kalamu iliyojaza nafasi kati ya habari moja na nyingine.

Ziwa lilisahihishwa upesi, maana ziwa hukaa mahali pake na mtu huweza kwenda kulitazama. Watu hawakai hivyo. Mfugaji wa Waso leo yuko Merti, mvua ikikata yuko Kulamawe, na mwakani kijana wake amepanga chumba mjini. Ukimuuliza jirani yake jina lake utapata jibu moja, ukimuuliza yeye utapata jingine. Sehemu hii ya kazi ya Krapf haikusahihishwa kama ziwa.

Alikuja tena kwa muda mfupi mwaka 1861 na 1862, kuwasaidia wamishenari wa Kimethodisti waliofungua kituo Ribe, nao pia walikuwa na macho yao kwa Waoromo. Miongoni mwao Thomas Wakefield aliendelea na kazi ya kukusanya njia za bara, na mwaka 1870 zilichapishwa London. Sehemu kubwa ya habari hizo alipewa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Namtaja kwa makusudi. Ni mmoja katika wachache waliotajwa kwa majina yao. Wengine wote waliolisha ramani ya Afrika Mashariki, tangu wachukuzi hadi manahodha, tumeachiwa tu neno wenyeji.

Miaka ya mwisho Krapf aliishi Korntal, nchini kwao, macho yakififia, akiendelea na kamusi. Alikwishapeleka Halle hati za tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa hilo namshukuru bila kusita. Ndoto yake ya vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi Gabon haikutimia. Alifariki Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Kwa Waoromo wa kusini, aliotoka Habashi akiwatafuta, hakufika.

Mimi nimefika, kwa basi. Waborana wa Isiolo ni Waoromo. Wengi wao hawakuwa hapa zamani. Walikuwa upande wa Wajir, kwenye visima, na katika miaka ya 1930 walihamia huku Waso baada ya kubanwa na Wasomali huku serikali ikitafuta jinsi ya kuwatenganisha. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilithibitisha mpaka wa malisho, upande mmoja Wasomali, upande mwingine hao wengine, na mpaka huo ukaitwa mstari wa Somali na Galla. Jina lile lile ambalo Krapf alijua miaka tisini na zaidi nyuma kwamba si lao! Sasa halikuwa tena kosa la kitabuni. Ng'ombe aliyekutwa upande usio wake alimletea mwenyewe faini.

Na mstari ulihitaji jibu moja kwa kila mtu: wewe ni nani? Mtaalamu akifuata lugha, kama Krapf alivyofanya, Isiolo itamshinda mchana kweupe. Waborana, Wasakuye, Wagabra na Wawaata wanazungumza lugha moja, na si watu wamoja. Warendille wengine wanazungumza Kisamburu. Mjerumani mwingine wa wakati wetu, Günther Schlee, alitoa kitabu mwaka 1989 kuonyesha kwamba koo zile zile zinakutwa miongoni mwa Wagabra, Wasakuye, Warendille na Wasomali wengine, na kwamba mtu anaweza kudai undugu na msaada kuvuka jina la kabila. Ongeza Waturkana, Wameru, na wajukuu wa askari wa Kisomali waliopewa makazi hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hesabu ya mwaka 2019 iliwapata watu 268,002 katika kaunti nzima, na sokoni wote wanapatana bei kwa Kiswahili.

Mwaka 1959 Mmarekani George Peter Murdock alichora ramani ya makabila ya Afrika nzima, zaidi ya 800, kila moja na kipande chake cha ardhi, na mipaka isiyopandana. Hadi leo wachumi wa vyuo vikuu huiingiza kwenye kompyuta zao na kupima umaskini na vita kwayo. Kazi kubwa, simdharau. Lakini nawaza ni kipande cha nani alichoangukia muuza maziwa wa soko la Isiolo ambaye mama yake ni Msakuye, mumewe Mborana, na duka lake liko mtaa wa Waturkana.

Msidhani haya ni ya kaskazini peke yake. Wamakonde wa Kwale walizaliwa na kuzeeka hapa nchini bila kitambulisho, mpaka walipokubaliwa mwaka 2016 na kuhesabiwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kilifi na Kwale walingoja mpaka 2023. Sisi wenyewe watu wa Miji, Tisa Taifa na Taifa Tatu, tunajua tabu ya karani anayetafuta Mswahili kwenye karatasi yake na kumkosa, kisha anakuuliza asili yako hasa ni wapi. Wazee wetu walikuwa wakijibu maswali ya Krapf kuhusu watu wengine. Sidhani walifikiri kwamba siku moja karatasi ile ile itawageukia wajukuu zao.

Mwezi uliopita nilizungumza na mzee mmoja wa Kiwaata hapa Isiolo. Jamaa zake wengi huandikwa Waborana, kwa sababu karani haoni tofauti au hana nafasi ya kuiandika. Nilimwambia kwetu nyuma ya Malindi na kandokando ya Tana wako Waata pia, lugha yao ni tawi la hii hii yake, na sisi Waswahili tunawaita Wasanye, Wagiriama wakiwaita Walangulo. Majina hayo hayakumshughulisha. Aliuliza koo zao ni zipi, akazitaja za kwake moja moja, akataka nizilinganishe. Sikuweza, mimi si Mwaata. Nilimpa namba ya rafiki yangu wa Malindi ambaye mama yake ni wa watu hao, wakapigiana simu jioni ile, na mazungumzo yao sikuyaelewa.